Mikono nyuma, mwalimu! Jinsi ya kuanzisha kazi za maisha ya kila siku kwenye darasa la Montessori

Kuna baba mmoja alikuja kumchukua mwanae mapema akamkuta kachuchumaa anafuta maji sakafuni, suruali imelowa magotini, ulimi nje kwa jinsi alivyozama. Baba akasimama pale mlangoni akaniangalia akasema, "Mwalimu, hivi mi nalipa ada yote ile mtoto aje kupiga deki?" Aisee sikuwa na jibu la maana siku ile, nikamwambia tu anajifunza mzee wangu, akanuna, akambeba mtoto wakaondoka huku mtoto analia kwa sababu hajamaliza kufuta.

Sasa jibu nililotakiwa kumpa ni hili. Huyo mtoto ana miaka 4, maji kayamwaga mwenyewe akiwa anamimina, na hakuna aliyemtuma kufuta. Kaenda mwenyewe kwenye msumari kachukua kitambaa, karudi, anafuta, na akimaliza alikuwa anaenda kukianika. Wiki 3 kabla ya hapo akimwaga kitu alikuwa anasimama tu kama kapigwa na radi anasubiri kugombezwa. Pale katikati, kutoka kusimama mpaka kufuta na kuanika kitambaa, ndo kuna kazi yote ya mwalimu, na ndo nataka niandike hapa kwa walimu wapya wa chekechea na wazazi wanaotaka kujaribu nyumbani, maana nimeona watu wananunua trei nzuri nzuri, wanapanga shelfu inapendeza kwenye picha, alafu mwezi wa pili darasa limekuwa soko la samaki.

Kwenye Montessori, yaani mfumo wa kufundisha watoto wadogo ulioanzishwa na Maria Montessori, hizi ndo kazi za kwanza mtoto anazokutana nazo kabla hajaona herufi wala namba: kumimina, kufagia, kukunja nguo, kufunga vifungo, kunawa, kupiga hodi. Maria Montessori mwenyewe alikuwa daktari, alimaliza udaktari Roma mwaka 1896, na darasa lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 huko huko Roma mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa watu wa kipato cha chini kabisa, wazazi wanashinda kwenye vibarua na watoto wa miaka 3 mpaka 6 wanabaki kwenye majengo wanachafua kuta. Kuna kisa amekiandika mwenyewe nakipenda sana, siku moja aliamua kuwafundisha watoto kupenga kamasi, akatoa leso akawaonyesha taratibu jinsi ya kuikunja na kupenga kimya kimya bila makelele, akijua watacheka maana alifanya kama utani hivi. Hawakucheka. Alivyomaliza wakampigia makofi. Baadaye ndo akaelewa: hawa watoto kila siku wanasemwa kwa ajili ya kamasi, wanafutwa kwa nguvu, wanaaibishwa, ila hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akawaonyesha inafanywaje. Mi kila nikitaka kumfokea mtoto nakumbuka hicho kisa najiuliza, hivi hiki kitu nimeshamwonyesha au namdai tu?

Kuna mtu atasema mbona watoto wetu wa kijijini wanafanya haya yote bila Montessori, wa miaka 5 anabeba kidumu kutoka kisimani na anajua kuosha vyombo. Kweli kabisa, na mara nyingi mikono yao iko mbele kuliko ya hawa wa mjini wanaovalishwa soksi na dada mpaka darasa la kwanza. Tofauti ni kwamba nyumbani kazi inafanywa ili iishe, vyombo vikishakuwa visafi basi. Darasani mtoto anaweza kuosha meza ambayo ni safi, akamaliza, akaanza upya, akaosha tena mara 3, na wewe unamwacha, kwa sababu anachokitafuta pale hakiko kwenye meza, kiko kwenye mikono yake mwenyewe na kichwa chake kutulia. Ukielewa hapo mengine yote yanakuwa mepesi.

KABLA HUJANUNUA KITU

Usikimbilie vifaa vya kuagiza. Nenda sokoni kwa mama wa vyombo na kwa wauza mitumba, zunguka taratibu ukiwa umebeba kichwani saizi ya mkono wa mtoto wa miaka 3. Vikombe vidogo vya bati, majagi madogo yale ya maziwa, mabakuli, kata ndogo, ungo mdogo, beseni, dodoki (dodoki ni bora kuliko sponji, halikatikikatiki ovyo na mtoto anaipenda ile sauti yake), vibanio vya nguo, kanga kuukuu. Kila kitu kiwe cha kweli na kifanye kazi. Mkasi usiokata unamfundisha mtoto kwamba yeye hajui kukata, wakati tatizo ni mkasi.

Kila kazi iwe kwenye trei yake au kapu lake na kila kitu kinachohitajika kiwe humo humo, kama ni kumimina basi kitambaa cha kufutia kiwe pale, mtoto asianze kuzunguka darasa zima kutafuta. Na kila kazi iwe moja tu! Hapa wazazi wananishangaa sana, watoto 25 alafu trei ya kumimina moja? Ndio, moja. Mwenzako akiwa nayo unasubiri, au unakaa pembeni unaangalia mikono nyuma, na kuangalia nako ni kujifunza. Mwaka wa kwanza niliweka trei 4 za kumimina nikidhani naondoa ugomvi, wapi, ugomvi uliongezeka na vitu vikawa havina thamani, choroko zimetapakaa mpaka chini ya mkeka.

Shelfu iwe chini, mtoto afike bila kupanda kitu. Kama huna shelfu, mbao juu ya matofali inatosha kabisa, hakikisha tu haiyumbi. Ndoo ya maji usiiweke imejaa na isiwe kubwa na wazi, mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji kidogo, weka ndoo yenye bomba na mfuniko na ujaze kiasi tu. Yale maji yaliyotumika kuoshea meza usimwage, pale kwetu yanaenda kwenye maua, na siku za mgao wa maji kazi za maji zinapumzika tunabaki na za kavu, wala hakuna mtoto aliyekufa kwa kusubiri.

KUMIMINA

Hii naieleza kwa kirefu maana ukiijua hii umejua namna ya kuonyesha kazi nyingine yoyote.

Anza na vitu vikavu. Mi natumia mbegu za ubuyu, zile zinazobaki watoto wakishamung'unya, nazichemsha nazianika juani mpaka zikauke vizuri. Zamani nilitumia choroko na mchele ila wazazi wengine hawapendi kuona chakula kinachezewa, na mi nawaelewa, nimelelewa na bibi ambaye punje moja ya wali ikianguka unaiokota. Weka majagi 2 madogo yanayofanana kwenye trei, la kulia lina mbegu nusu, la kushoto tupu, mishikio inaangalia nje.

Mwite mtoto mmoja. Mmoja tu, na usimwite kwa kupaza sauti kutoka upande wa pili wa darasa, mfuate alipo uinamie umwambie, "Njoo nikuonyeshe kitu." Mwende wote mpaka kwenye shelfu, mwambie jina la kazi, "hii ni kumimina", alafu mwonyeshe jinsi ya kubeba trei: vidole gumba juu, vingine chini, trei imegusa tumbo kidogo, unatembea unaangalia mbele. Ukifika mezani unaishusha mpaka haisikiki. Watoto wanapenda sana hiyo ya kushusha bila sauti, utawaona wanajaribu mara 5.

Kaa upande wake wa kulia kama unatumia mkono wa kulia, ili mkono wako usimzibe kuona. Sasa nyamaza. Yaani funga mdomo kabisa, kwa sababu ukiongea ataangalia mdomo wako badala ya mikono. Shika mshikio wa jagi kwa mkono wa kulia, wa kushoto utegemeze pembeni. Inua. Lete mdomo wa jagi juu ya katikati ya jagi lingine, karibu lakini visigusane. Subiri kidogo hapo. Inamisha polepole mpaka mbegu ya kwanza idondoke, tii, alafu nyingine zifuate. Zikiisha subiri tena, angalia ndani kama imebaki, rudisha jagi chini bila sauti. Alafu chungulia kwenye trei, kuna mbegu imeanguka? Iokote kwa vidole viwili uirudishe. Hata kama hakuna iliyoanguka mi huwa naangusha moja kwa makusudi ili waone kinachofuata, maana kuokota ni sehemu ya kazi, sio adhabu. Rudia kutoka jagi la pili kwenda la kwanza. Kisha mwulize, "Unataka kujaribu?" Akikataa sawa, rudisheni trei pamoja, kesho ipo.

Akikubali, ondoka. Hapa ndo walimu wengi tunaharibu, tunabaki tumesimama juu yake kama trafiki, "taratibuuu, hivo hivo, angalia pembeni, weeee!" Muache. Akimwaga, mbegu zenyewe zinamwambia zimemwagika, hahitaji wewe umtangazie. Na usipige makofi wala kusema "vizuri sanaaa" kila sekunde, utamkuta anaanza kumimina akikuangalia wewe usoni.

Akizoea za kavu nenda kwenye maji, jagi moja na kikombe kimoja cha glasi chenye mstari. Mstari nauchora na rangi ya kucha nyekundu, ukipakwa mara 2 haufutiki haraka. Kazi sasa ni kumimina mpaka ufike kwenye mstari usimame, na hiyo ni ngumu kuliko mtu mzima anavyofikiri, jaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto utaona. Maji kwenye jagi weka yale tu uliyo tayari kufuta. Ukiweka lita moja utafuta lita moja, ukiweka nusu kikombe utafuta nusu kikombe, na hasira zako zitafuata kipimo hicho hicho. Tone la mwisho linalobaki mdomoni mwa jagi linafutwa na kipande cha sponji, na hilo tone ndo linalowakamata watoto, nimeona mtoto mtundu kuliko wote darasani kakaa anasubiri tone moja lidondoke kama mvuvi.

Kuhusu glasi, ndio inavunjika, na ndo sababu ya kuitumia. Plastiki ikianguka hakuna kinachotokea kwa hiyo mtoto hana sababu ya kuishika kwa mikono miwili. Ikivunjika watoto wote wanasimama walipo, mtu mzima ndo anaokota vipande na kufagia, hakuna kugombeza. Ukianza na watoto wageni kabisa wa miaka 3 anza na vya bati mwezi wa kwanza, sio dhambi.

MIKONO NYUMA

Nilikuwa na msaidizi mmoja mzuri sana, mpole, watoto wanampenda, ila alikuwa na ugonjwa wa kusaidia. Mtoto anahangaika na kifungo, yeye huyo kafika kafunga. Mtoto anatafuta kiatu cha pili, yeye huyo kamletea. Sikumlaumu maana sisi tumelelewa hivo, kumwona mtoto anahangaika ukakaa kimya inaonekana kama roho mbaya. Tukakubaliana mimi na yeye sheria moja, ukijisikia kumsaidia mtoto weka mikono nyuma kwanza, hesabu mpaka 20, alafu uangalie tena. Mara nyingi ukifika 20 ameshapata. Asipopata mwulize "nikusaidie wapi?" umsaidie hapo tu alipokwama, yeye amalizie. Siku nyingine tulikuwa tunaangaliana kutoka pande mbili za darasa wote mikono nyuma kama maaskari wa gwaride, tunacheka.

Ugumu mkubwa wa kazi hii uko kwetu watu wazima. Sisi tunataka haraka. Kuvaa viatu kwa mtoto wa miaka 3 kunaweza kuchukua dakika 10, kwa hiyo kama mnatoka nje saa 4 basi anzeni kuvaa saa 4 kasoro robo. Ukianza saa 4 kamili utaishia kuwavalisha wewe wote.

VIFUNGO, ZIPU, KAMBA

Mtoto kujifunza kufunga kifungo kwenye shati alilovaa ni kumwonea, anaangalia kidevuni na mikono imejikunja vibaya. Ndo maana kuna fremu, ni mbao 4 zimepigiliwa mraba, kama sentimita 30 kila upande, na vitambaa viwili vimepigiliwa kushoto na kulia vinakutana katikati. Fundi seremala anakutengenezea bila shida na fundi cherehani anamalizia. Mi zangu zimetoka mitumbani, zipu ni ya koti, vifungo vikubwa ni vya koti la kike, vidogo ni vya shati la shule, kamba ni za viatu, nyingine ni mkanda wa sandali za kubandika. Kila fremu kitu kimoja tu, usichanganye zipu na vifungo.

Kwenye kufunga kifungo siri ipo pale katikati. Mtoto akishasukuma kifungo kikaingia nusu kwenye tundu, anakiachia, kinarudi, anakasirika. Mwonyeshe hapo polepole sana: kifungo kimesimama upande, kimeingia nusu, simamisha mikono, sasa badilisha vidole, mkono wa pili ukishike ukivute kutoka upande ule wa pili. Kuna mtoto hiyo ya kubadilisha vidole ilimchukua wiki nzima, siku alipoipata alifunga akafungua vile vifungo 5 mpaka kengele ya chai ikampita. Unafungua kuanzia juu kushuka, unafunua vitambaa vyote viwili kama mlango, unavirudisha, unafunga kuanzia juu tena. Usiruke hiyo ya kufunua, inamwonyesha kwamba kweli imefunguka. Kamba za viatu acha mpaka miaka 5 au zaidi, ukiwahisha mnachoshana bure.

Kukunja nguo nako kunaanzia kwenye vitambaa 4 vya mraba. Cha kwanza kimeshonwa mstari wa uzi katikati, cha pili mistari miwili ya kukatana kama msalaba, cha tatu mstari wa kona kwa kona, cha nne mistari yote miwili ya kona kwa kona. Mtoto anakunja kufuata uzi, anapitisha vidole juu ya mkunjo. Akishaweza mpe kanga, watoto wawili, kila mmoja na kona zake mbili, pindo kwa pindo, wanatembea wanakutana katikati. Hapo kuna hesabu na kuna ushirikiano, alafu kuna kicheko maana kila mara mmoja anaachia.

KUFAGIA NA KUOSHA MEZA

Fagio la mtu mzima ni refu na zito, mtoto analiburuza tu. Chukua chelewa chache ufunge kifagio chembamba cha mkono, na cha ndani kata mti wake ufike kifuani kwa mtoto. Alafu chora duara sakafuni kwa chaki. Mwaga vipande vya karatasi pembeni, mwonyeshe kufagia kuja kwenye duara kutoka pande zote, mpaka uchafu wote uko ndani ya mstari, ndo unaleta kizoleo. Bila duara mtoto anausukuma uchafu kutoka kona moja kwenda nyingine siku nzima hajui anaupeleka wapi. Akilizoea duara, unaacha kuchora.

Kuosha meza ni kazi ndefu ina hatua nyingi, kwa hiyo ni ya wale waliokomaa kidogo, miaka 4 na kuendelea: aproni, beseni, jagi la maji, sabuni ya kipande, dodoki, kitambaa cha kukaushia, vyote vimepangwa chini kwa mpangilio wa kutumika kutoka kushoto kwenda kulia. Sitaieleza yote. Nisemacho tu ni kwamba usiweke sabuni ya unga, wanamwaga nusu pakiti, na usimkatize mtoto aliyezama humo hata kama muda wa wimbo umefika. Wimbo utaimbwa na wengine.

HODI, SHIKAMOO, SAMAHANI NAPITA

Adabu nazo ni kazi za maisha ya kila siku na zinaonyeshwa vile vile kama kumimina. Hapa ndo kila mahali pana ya kwao, huwezi kunakili ya Roma. Sisi tuna hodi, na hodi ina hatua zake: unasimama mlangoni, unapiga hodi, unasubiri karibu, usiposikia unarudia mpaka mara 3, hujasikia unaondoka. Watoto wanaipenda mno maana ni mchezo wenye kanuni. Tunacheza watoto 4 au 5, mmoja ni mwenye nyumba, dakika 5 basi. Tunacheza pia kupita katikati ya watu wanaoongea, kumpa mwenzako mkasi ukiwa umeshika upande wa makali uliofumbwa, kupokea kitu kwa mkono wa kulia au miwili, kumwamkia bibi kizee anayepita na kungoja marahaba kabla hujakimbia. Yule anayeandikia na kushikia vitu kwa mkono wa kushoto usimchape wala usimlazimishe abadili, mfundishe tu kwamba wakati wa kumpa mtu mzima kitu anaweza kutumia miwili, imekwisha.

Kanuni moja: usifundishe adabu mtoto akiwa ndo kakosea. Akipita katikati yenu bila kusema samahani, vumilia. Kesho asubuhi kila mtu akiwa na raha, chezeni mchezo wa samahani napita, na huyo huyo umpe zamu ya kwanza. Ukimsema pale pale mbele ya mgeni anachojifunza ni aibu.

CHAKULA, NA BALAA LA PUA

Kukata ndizi mbivu ndo kazi ya kwanza ya jikoni. Kisu kile cha kupakia siagi kinatosha, ubao mdogo, sahani, uma. Ananawa mikono kwanza kwa sabuni, anamenya, anakata vipande, anaweka kwenye sahani alafu anapita nayo kwa wenzake, "karibu ndizi", wanajibu "ahsante", na anayekataa anasema "sitaki, ahsante", sio "mi sipendi!" Mtoto anayewalisha wenzake anatembea tofauti siku hiyo, utaona mwenyewe. Waulize wazazi mapema kama kuna mtoto ana mzio wa chakula chochote. Baada ya ndizi tunaenda tango, karoti iliyochemshwa kidogo, kuchambua mchele kwenye ungo. Mbuzi ya nazi inabaki kwa mtu mzima.

Sasa lile balaa. Kwenye shule moja niliyofundisha zamani, mtoto wa miaka 3 aliingiza choroko puani, na aliyekuwa karibu naye akili ikamtuma aichokonoe kwa njiti ya kiberiti, ikazidi kuingia. Tukakimbizana hospitali mtoto analia, mama analia, na mimi nusura. Ilitolewa salama. Ikiwatokea msichokonoe, kama mtoto anaelewa mzibe tundu lililo wazi apenge kwa nguvu kwa lile lililoziba, isipotoka nendeni hospitali na msijaribu kitu kingine pale. Toka siku hiyo watoto wangu wageni na wanaoweka weka vitu mdomoni hawagusi mbegu kabisa, wanahamisha ndimu na limau kutoka bakuli moja kwenda jingine kwa mikono, baadaye kwa upawa. Kazi ni ile ile. Na maharage mabichi, hasa yale mekundu, mi sitaki kuyaona kwenye shelfu maana yakitafunwa bila kupikwa yanaumiza tumbo vibaya.

WAZAZI

Nilishaacha kuwahutubia. Siku ya wazazi nawaketisha kwenye vile viti vidogo, magoti yanafika kifuani, na watoto wao wanawahudumia maji. Basi. Yule baba wa deki alikuja mwishoni mwa muhula, mwanae akamletea glasi kwenye trei, hatua kwa hatua, macho mbele, akaiweka mezani kimya. Baba akanywa, akaomba nyingine. Hakuniambia kitu na mi sikumuuliza, ila mama aliniambia baadaye kwamba nyumbani amemnunulia mtoto kindoo chake.

Wanaotaka kuendelea nyumbani nawaambia mambo 3 tu: msumari wa chini wa kutundikia begi, kistuli cha kufikia sinki, na kitambaa ambacho mtoto anajua kilipo.

IJUMAA JIONI

Watoto wakishaondoka kaa na shelfu yako. Vitambaa vyote vikafuliwe, au bora zaidi vifuliwe na watoto wakubwa asubuhi hiyo wavianike wenyewe na vibanio. Hesabu vifungo kwenye fremu, kaza vilivyolegea. Trei ambayo wiki nzima hakuna aliyeigusa itoe, ama ni rahisi mno kwao ama ni ngumu, irudishe baada ya mwezi. Kitu chenye ufa toa, hata kama bado kinafaa, mtoto anasoma hali ya vitu kabla hajasoma herufi. Na vikombe vya glasi ukienda kununua usinunue kimoja kwa sababu darasani unatumia kimoja, chukua nusu dazeni vinavyofanana, vitano ficha kabatini juu.